Aliyeuliza Habari za Tumbo

Nilianza kumwonea wivu kabla sijamzoea, na sijaacha. Jina lake sitalitaja, maana wanafunzi wake wametapakaa katika hospitali za Meru na Embu, na siku nikiugua ni wao watakaonidunga sindano. Chuoni tulimwita Mwalimu wa Bakteria. Yeye alifundisha vijidudu, hasa wale wanaoishi matumboni mwetu, nami nilifundisha magonjwa ya akili. Wanafunzi wa udaktari walikuwa wale wale, darasa lile lile, na ofisi zetu zilitenganishwa na ukuta wa mbao. Kila aliyebisha hodi kwake nilimsikia. Waliobisha kwangu, wengi walikuwa wamekosea mlango.

"Samahani mwalimu, Madam ako?"

"Mlango unaofuata."

"Aii, sorry mwalimu."

Kisha nawasikia ng'ambo ya mbao wakicheka naye, na baada ya muda yeye mwenyewe anachungulia kwangu na kuniomba viti, kwa sababu vyake vimejaa watu. Nilimpa. Ningefanyaje? Alivirudisha kila mara, na shukrani juu.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, mvaaji wa sweta za kufuma hata jua likiwaka, na alitembea mikono nyuma kama mtu anayekagua mahindi yake. Alichelewa kila mkutano, na akiingia watu walisogeza viti ili apate nafasi. Mimi nilifika mapema siku zote, na sikumbuki kiti kilichowahi kusogezwa kwa ajili yangu.

Somo lake la kwanza kwa kila darasa jipya nilikuwa nimelikariri bila kutaka, maana madarasa yetu pia yalipakana. Aliingia bila karatasi, akasimama mbele yao, akauliza: "Kwa nini mtu akipigiwa simu ya habari mbaya anakimbia choo?" Vijana wanacheka. "Msicheke. Nani hapa hajawahi kuharisha asubuhi ya mtihani? Inua mkono." Hakuna anayeinua. "Basi. Tumbo na kichwa zinaongea. Zinaongea lugha gani? Kuna mshipa mrefu wa fahamu unaoshuka kutoka kwa ubongo mpaka tumboni. Kuna damu. Na kuna hawa wapangaji wetu wadogo, wengi kuliko watu wote wa hii dunia, na wengine wao wanatengeneza vitu ambavyo hata ubongo unatumia. Je, hao ndio wanatuletea huzuni? Ama huzuni ndiyo inawaharibu wao?" Hapo alinyamaza, darasa zima likimngoja, kisha akasema neno lake: "Hatujui bado."

Hatujui bado! Mimi niliwapa vijana wale majina ya magonjwa, dalili, dawa, kipimo cha dawa, yote yakiwa yamepangwa vizuri ubaoni, na kwenye kiti cha nyuma mtu analala mdomo wazi. Yeye anawaambia hajui, na wanamfuata hadi kwenye ngazi. Nilijaribu siku moja kusema hatujui bado mbele ya darasa langu. Msichana mmoja wa mbele aliniuliza kwa upole kama nisingeweza kuangalia kwenye kitabu.

Walielewa nini hasa, hao wanafunzi? Hilo ndilo lililokuwa likinikera zaidi, kwa sababu nililiona katika karatasi za mtihani wangu. Niliuliza vyanzo vya sonona, nikitarajia yale niliyofundisha: kurithi, kufiwa, umaskini, magonjwa ya muda mrefu, upweke. Nikaletewa bakteria. Wengine waliandika kwamba kuna bakteria wema na bakteria wabaya, na wabaya wakiwashinda wema mtu anajinyonga. Mmoja aliandika mstari mmoja tu: "Labda inaanzia tumboni." Nikampa sifuri, tena kwa wino mwekundu.

Kijana akampelekea Mwalimu wa Bakteria. Mwalimu akaja kwangu na karatasi mkononi.

"Mpe maki moja, mwalimu."

"Ya nini? Hajajibu swali."

"Ameandika labda."

"Sasa labda ni jibu?"

"Daktari anayeandika labda usimpe sifuri. Wale wa sifuri ni hawa wengine wako wenye wana uhakika."

Nilimpa nusu. Baadaye nikasikia kwamba darasani kwake hadithi ile ilisimuliwa, na kwamba nilitoka ndani yake nikiwa mtu mwema mwenye kusikia. Hata wema wangu ukawa umepitia kwake.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Aliyewahubiria watu mboga za kienyeji, maharagwe na ucuru, ule uji wetu wa wimbi unaoachwa uchachuke, chakula chake cha mchana kilikuwa chipsi na soda, mlango ukiwa umefungwa. Nilimkuta siku moja nilipokwenda kudai viti vyangu. Hakukana. "Bakteria wangu ni wa town," akasema, akanisogezea sahani. Ucuru wenyewe hakuweza hata kuunusa. Aliyezungumza juu ya choo mbele ya watu mia bila kupepesa macho, alikuwa na haya ya ajabu ya kula mbele ya wageni. Aliwapenda wanafunzi na kuwaangusha bila huruma. Alisali sana, na alikuwa na ulimi mkali kwa yeyote aliyesema kwamba ugonjwa wa akili ni mapepo. Hapo alikuwa upande wangu, lakini kwa namna fulani hata hoja hiyo, ambayo mimi niliipigania kabla yake, ilipotoka kinywani mwake watu waliipigia makofi upya.

Sasa nisimulie mkasa wa jerikeni, maana ni moja ya siku zangu chache za ushindi. Wanafunzi wa mwaka wa tatu, wakiwa wamemwelewa jinsi walivyomwelewa, waliamua kutuliza hofu ya mtihani kwa kulisha bakteria wao. Mmoja alitoka kwao na mbegu ya ucuru, yaani kile kidogo cha zamani kinachobakizwa ili kichachushe mpya. Nyumbani kwao kazi hiyo inafanyika katika kibuyu, na kibuyu kinapumua. Hawa waliimwaga kwenye jerikeni ya plastiki iliyowahi kuwa na mafuta ya kupikia, pamoja na uji, wakakaza kifuniko, wakaisukuma chini ya kitanda karibu na bomba la maji moto. Jerikeni ilivimba. Walipoifungua ukuta mzima ulipata sehemu yake, na kilichobaki walikinywa vikombe kwa vikombe, kwa imani.

Mtihani wa asubuhi iliyofuata ulikuwa wangu. Sijawahi kuona darasa likiomba ruhusa ya kutoka kwa adabu namna ile. Walikuwa wakipishana mlangoni. Nikatembea kati ya madawati matupu nikiwa na furaha ambayo si nzuri kuieleza, nikiwaza kwamba leo Mwalimu wa Bakteria atajibu. Alijibu kweli. Aliwaita wote, akawasikiliza, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akawaamuru waandike ripoti: walitaka kujua nini, walifanya nini, walikosea wapi. "Na mtu asiniandikie eti ilifanya kazi kwa sababu hakuogopa mtihani," akasema. "Hukuogopa kwa sababu ulikuwa choo." Ripoti ile ikawa somo. Mtihani wangu ukarudiwa.

Ule wa Mikinduri haukuwa wa kucheka. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akijifunza kazi katika zahanati huko alimkuta mtu mzima anayetumia vidonge vya sonona, akamwambia aviache, anywe ucuru, kwa kuwa tumbo likipona kichwa kinapona. Kijana akarudi chuoni akajisifu. Mwalimu wa Bakteria alipolisikia alibadilika rangi. Hakuwa na gari. Akaja kwangu akasema, "Mwalimu, twende," nami nikachukua ufunguo, nikijiambia kwamba hatimaye kuna mahali ambapo mimi ndiye ninayehitajika. Ugonjwa ule ulikuwa wangu, dawa zile zilikuwa zangu.

Tulimpata yule mgonjwa sokoni, kwenye vibanda vya miraa, anafunga vifurushi kwa majani ya mgomba. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikwenda polepole kuliko ya wenzake. Mwalimu wa Bakteria aliketi kwenye gunia karibu naye bila kukaribishwa.

"Uliambiwa uache dawa?"

"Ee. Daktari kijana alisema ucuru inatosha."

"Huyo ni mwanafunzi wangu. Mimi ndiye sikumfundisha vizuri. Rudia dawa zako leo, na urudi kwa zahanati wakuangalie. Ucuru kunywa kama unaipenda, lakini hiyo ni chakula tu."

Nikaona nafasi yangu imefika. Nikainama, nikamweleza jinsi vidonge vile vinavyofanya kazi na kwa nini haviachwi ghafla. Nilieleza vizuri, nakuhakikishia. Yule mtu alinisikiliza akitazama viatu vyangu, kisha akamgeukia mwenzangu.

"Na huyu ni dereva wako?"

Mwalimu wa Bakteria akamwambia mimi ni mkubwa wake katika mambo hayo, kwamba asikie kila nililosema. Alisema kwa heshima kamili. Yule mtu akarudia dawa, na baada ya muda zahanati ikatujulisha kwamba anaendelea vizuri. Darasani, Mwalimu alisimamisha somo zima. "Mimi nilisema hatujui bado," akawaambia. "Nyinyi mkasikia tunajua. Hatujui bado si ruhusa ya kubuni." Nilimsikia kupitia ukuta wa darasa. Niliandika sentensi ile kwenye kona ya ubao wangu, na wanafunzi walipoingia wakatabasamu, wakijua imetoka wapi.

Yote hayo ningeyavumilia. Wivu wa kazini mtu anaubeba nyumbani, anauvua pamoja na viatu. Lakini huyu aliingia mpaka nyumbani.

Nyumbani kwangu ni Ruiri. Mke wangu, Mama Kendi, aliuza nguo pale sentani, kwenye maduka ya kijijini, na alikuwa mtu wa kelele nzuri, wa kuimba akikoroga chungu. Mama yake mzazi alipofariki alinyamaza. Mwanzoni tuliona ni msiba. Kisha miezi ikapita, duka likawa linafunguliwa siku moja, siku nyingine halifunguliwi, akaacha chakula, akakonda, akawa anaamka kabla ya jogoo na kuketi kitandani akitazama dirisha. Ukimuuliza anasema ni ulcers. Huku kwetu kila kitu ni ulcers. Alinunua ile dawa nyeupe ya kutikisa, chupa baada ya chupa, akazipanga dirishani jikoni.

Mimi nilijua ni nini. Ndiyo kazi yangu! Nikamwambia, kwa upole, nikidhani ni upole: "Mama Kendi, hiyo si ulcers. Hiyo ni depression." Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mimi si mwendawazimu, Baba Kendi," akasema, na tangu hapo hata habari za ulcers akaacha kuniambia. Nikaishi na mgonjwa wangu mwenyewe nyumba moja, nikiwa na vitabu vyote vya ugonjwa wake kwenye rafu, naye akiniaga kila asubuhi kwa mkono baridi. Niliogopa kumpoteza. Nilifundisha dalili za hatari ubaoni na kila dalili niliyoiandika nilimwona yeye.

Wenzangu wa chuo walikuja kututembelea, wamebeba mchele na sukari kama ilivyo desturi. Tuliketi sebuleni tukala mukimo, viazi na mahindi yaliyopondwa pamoja. Mwalimu wa Bakteria, kwa ile haya yake ya kula mbele za watu, alichukua sahani yake akamfuata mke wangu jikoni. Mlango haukufungwa vizuri. Nilikuwa nimekaa karibu nao.

"Mama Kendi, naona dawa nyingi dirishani. Tumbo likoje?"

"Aki Madam, ni ulcers. Zimenimaliza."

"Pole. Inauma wapi?"

"Hapa. Na saa zingine haiumi, inafunga tu. Chakula haipiti."

"Inafunga saa gani?"

"Asubuhi. Nikiamka."

"Ukiamka tu, ama ukishakumbuka kitu?"

Kisha nikamsikia mke wangu akilia, kilio cha kifuani ambacho hata kwenye mazishi hakukitoa. Mtu akausukuma mlango ukafungika. Mwenzangu mmoja alikuwa akinieleza habari za mashine yake ya kukata majani ya ng'ombe, nami nikaitikia, na sikio langu lote liko kule. Walikaa jikoni mpaka chai ikapoa. Walipotoka mke wangu alikuwa amenawa uso.

Juma lile lile akaniambia, "Baba Kendi, nipeleke kwa daktari wa akili. Madam anasema tumbo inaweza kuwa inalia kwa niaba ya kichwa." Miezi yote nilikuwa nikimwambia hivyo! Nilimpeleka kwa daktari niliyesoma naye, akaanza dawa, akaanza kuzungumza na mshauri. Pole pole, na kurudi nyuma hapa na pale, akarudi. Siku niliyomsikia akiimba jikoni nilitoka nje nikasimama zizini nikalia. Nilimshukuru Mungu, nilimshukuru daktari, na nilipofika kwa Mwalimu wa Bakteria shukrani zilichelewa kutoka. Nilizitoa, lakini zilikuwa na sauti ya mtu anayerudisha kitu alichoazimwa.

Chuoni uvumi ukaenea kwamba Mwalimu amemponya mtu kwa bakteria. Aliukana vikali bila kumtaja mke wangu. "Yule mtu alitibiwa," alisema. "Mimi niliuliza swali tu." Lakini Mama Kendi aliamini alivyotaka. Akaanza kutengeneza ucuru, na kila Ijumaa akanituma nayo kwenye chupa nimpelekee Madam. Nikaibeba. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, na nikishaingia ofisini kwangu namwona dirishani akiimwagia mti wa waridi. Sikumwambia mke wangu. Siri ile niliitunza kwa raha zangu.

Kisha Mwalimu akahamia Embu, chuo kingine. Nikafikiri nimepona. Kumbe kila Jumapili baada ya ibada mke wangu anampigia simu, na anapompigia anatoka nje, anakwenda kusimama nyuma ya banda la kuku. Namwona mgongo kupitia dirisha. Anacheka, ananyamaza, anafuta macho, anacheka tena. Akirudi namuuliza, "Anasemaje?" Ananijibu, "Anakusalimia."

Mwaka huu nilikwenda Kanja, kwetu nilikozaliwa, kuangalia kahawa ya marehemu baba. Nikamkuta Mwalimu sokoni. Amenunua shamba huko! Katika nchi nzima ya Embu alichagua kwetu, na mama mboga aliyenijua tangu nikiwa mtoto alikuwa akimwita yeye kwanza. Tukaingia hotelini, tukaagiza chai na mandazi. Amezeeka kidogo, sweta ni mpya, sauti ni ile ile. Nilikuwa na swali nililolibeba tangu siku ile ya jikoni, na nikalitoa kabla chai haijamiminwa.

"Mke wangu alikuambia nini siku ile?"

"Muulize yeye."

"Sijawahi kuambiwa. Mimi mumewe."

"Aliniambia amekuambia," akasema. "Alisema alikuambia kila kitu, usiku wa kuamkia mazishi na siku zingine. Na kila akikuambia unamwambia hiyo inaitwa nini."

Nilitaka kukasirika na hasira haikuja. Naye hakunisukuma. Alivunja andazi, akala mbele yangu bila haya, labda kwa mara ya kwanza, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo:

"Na wewe mwalimu? Mwaka ule wote, ulikuwa unakula?"

Nikafungua mdomo niseme niko sawa. Badala yake nikamwambia kwamba nilikuwa nikitoka darasani katikati ya somo, nikijifanya nimesahau chaki, ili nipige simu nyumbani nisikie tu kama Mama Kendi atashika. Kwamba akishika nakata bila kusema neno. Kwamba asipopokea nashikilia ukuta wa choo cha walimu. Kwamba kamba zote za nyumbani nilizibeba nikazifungia kwenye buti la gari, na nilitembea nazo mwaka mzima. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Chai ilifanya utando, mwenye hoteli akaja akaiondoa akaleta nyingine, na mimi bado nasema. Katika hayo yote, hakuna hata moja alilolipatia jina.

Nilifika Ruiri jua linashuka. Mke wangu alikuwa jikoni anachambua maharagwe, na alikuwa amekwisha kujua, maana Madam alimtumia ujumbe kwamba tumeonana.

"Mliongea nini?"

"Mambo ya chuo."

"Chai za mchana kutwa, mambo ya chuo?"

"Na mambo yangu kidogo. Ya ule mwaka."

Mkono wake ukasimama ndani ya ungo. Akainua uso, na nikauona wivu pale, wivu kamili, ule ambao mimi niliubeba miaka hii yote, sasa umekaa kwenye uso wa Mama Kendi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Akausukuma ungo kando, akanivutia kigoda kwa mguu.

"Keti," akasema. "Anza mwanzo kabisa. Mimi ndiye mkeo."